Sekunde Nne za Kajo

Ulizaliwa Jumanne, mgongoni mwa risiti ya kahawa,
mjini Oulu, mwezi wa pili, baridi nyuzi ishirini na tatu chini ya sifuri.
Nilichora mtu mmoja, nikamchora tena pembeni,
nikaandika chini yao: yupi?
Hilo ndilo jina lako la kwanza.
La pili alikupa Rauha, fundi wa mienendo:
Kajo, neno la kwetu la mwanga hafifu,
ule unaobaki ukutani taa ikishapita.

Kazi yako ni kudanganya.
Mchezaji anabonyeza, unagawanyika:
mmoja anakimbilia mnara, mwingine anazunguka nyuma ya ghala,
na adui, mwenye risasi sita tu, sharti achague.

Wiki ya kwanza hukumdanganya mtu.
Onerva, mjaribu wetu, miaka kumi na tisa,
peremende nyeusi ya chumvi shavuni,
alikupiga mara thelathini na moja, kila mara yule wa kweli.
"Kivuli hakisiti," alisema, macho hayatoki kwenye skrini.
"Kinajua kinakokwenda. Watu hawajui."

Basi nikakifundisha kivuli kusita.
Kugusa ukuta bila sababu.
Kugeuka kuutazama mlango ambao hakuna aliyeufungua.
Kurukaruka ovyo, kama mtoto anayesubiri mechi ianze.
Nilirekodi vidole vyangu mwenyewe saa sita usiku,
makosa yangu yote, ya haraka na ya uchovu,
nikayamwaga ndani yako.

Ukawa balaa.
Veikka alikuja na jedwali lake: ushindi asilimia hamsini na nane.
"Mpunguze," alisema, "kabla hajaula mchezo mzima."
Nilibisha. Nilikupenda, sikatai.
Hadi mvulana mmoja tuliyemwalika kujaribu
alipovua vipokea sauti, akaviweka mezani polepole kama vya kuazima:
"Sina hata cha kujilaumu."

Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililonichoma.
Anayeshindwa hudai kosa lake, alibebe kwenda nalo nyumbani.
Ukimnyima, umemwibia na mechi ya kesho.

Jioni nilivuka daraja kwa miguu, mto umeganda chini.
Mbele ya duka la mitumba alisimama mtu,
koti la kijani, kofia ya sufu imeshuka hadi nyusi.
Nikamwamkia. Kimya.
Nikamwamkia tena, kwa aibu ya aliyekwisha kuanza.
Kumbe sanamu ya plastiki, mwenye duka kasahau kuiingiza ndani.
Uso haukuisaliti, wala mikono.
Ni kwamba kati yetu wawili
mvuke ulipanda kutoka kinywa kimoja tu.

Asubuhi nilikinyang'anya kivuli chako pumzi.
"Na kwenye ramani ya jangwa?" akauliza Veikka.
Jangwani hakitimui vumbi.
"Na sokoni usiku?"
Sokoni bado natafuta.

Onerva akakaa. Ukagawanyika.
Akafyatua, na kwa mara ya kwanza akapiga hewa.
Alitukana tusi refu la kaskazini,
akarudisha rekodi nyuma, akasogeza pua hadi kiooni.
"Pale. Mdomoni. Hakuna kitu!"
Akacheka kama aliyeokota funguo zake mwenyewe.

Njia ya mwongo ni fupi, hata wewe nimekupimia:
sekunde nne, si zaidi.

Majuzi nilicheza na nisiowajua, jina langu nimelificha.
Kwenye theluji, karibu na ghala,
mtu akagusa ukuta bila sababu,
akageuka kuutazama mlango.
Nilivitambua vile vidole. Mdomoni hapakuwa na mvuke.
Wa kweli alikuwa nyuma yangu, nilijua,
ningeweza kugeuka.
Nikabaki nakitazama hadi kilipofifia.